Wananchi, mionzi na nyaraka za Hanford: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hanford ni kitu gani, na mtu wa Morogoro au Lubumbashi inamhusu nini?

Hanford ni eneo kavu kusini-mashariki mwa jimbo la Washington, Marekani, kando ya mto Columbia. Mwaka 1943 serikali iliwaondoa wakulima wa vijiji vya Hanford na White Bluffs, pamoja na Wawanapum, wenyeji wa asili waliokuwa wakivua samaki hapo tangu enzi za mababu, ikajenga viwanda vya plutoni, metali inayotumika kwenye mabomu ya nyuklia. Kinu cha kwanza, kinachoitwa B, kiliwashwa Septemba 1944. Plutoni ya Hanford ndiyo iliyokuwa ndani ya bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Baadaye vinu vilifika tisa.

Ama Lubumbashi: sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa Manhattan, ule mradi wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki wakati wa vita, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, si mbali na Likasi. Kwa hiyo mwanzo wa mkasa huu si Washington, ni shimoni Katanga, kwenye mawe yaliyochimbwa na Wakongo. Nitarudi huko kwenye swali la mwisho.

Watu walijuaje kwamba kuna jambo la kuuliza?

Hawakujua. Walishuku. Wakulima wa upande ambao upepo wa Hanford huelekea walikuwa na hesabu yao ya mezani: nyumba ile mama ana ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile ya pili baba kafa kwa saratani, zizini wanazaliwa wanakondoo wenye kasoro. Jibu la wakubwa kwa miaka mingi lilikuwa moja: hakuna hatari.

Na mjini Richland, ambako karibu kila familia ilikula kutokana na kiwanda, kuuliza kulikuwa kama kumvunjia baba heshima mbele ya wageni. Timu za sekondari ya pale huitwa Bombers, na nembo yao ni lile wingu la bomu la nyuklia. Sitanii.

Mwaka 1984, huko Spokane, mji ulio zaidi ya kilomita 150 kutoka Hanford, wananchi waliunda kikundi kilichojulikana kwa kifupi kama HEAL. Kilichowasha moto ni mahubiri ya mchungaji mmoja kanisani. Mwaka uliofuata mwandishi Karen Dorn Steele wa gazeti la Spokesman-Review la mji huohuo akaanza kuchapisha habari za familia za wakulima. Mambo yaliyokuwa yakisemwa jikoni sasa yakawa yanasomwa na jimbo zima, na ofisi ikalazimika kujibu.

Waliomba nini hasa, wakapata nini?

Waliomba kumbukumbu za kile kilichotoka kwenye dohani na kile kilichomwagwa mtoni tangu miaka ya 1940. Walitumia Sheria ya Uhuru wa Kupata Taarifa, ambayo Wamarekani huiita FOIA. Baada ya maombi hayo na shinikizo la jimbo na magazeti, tarehe 27 Februari 1986 Wizara ya Nishati, mwenye Hanford, ilitoa rundo la kurasa 19,000.

Fikiria hizo kurasa. Nyingi ni taarifa za kila mwezi za wapima mionzi: majedwali, namba, vifupisho ambavyo hata mhandisi lazima akune kichwa. Baadhi ya watu wanaamini ofisi ilidhani wingi wenyewe ungewachosha wasomaji. Mimi sijui nia ya mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba wanakikundi na waandishi walikaa na karatasi hizo usiku na mchana, na wakakuta mambo mawili makubwa. La kwanza lilishtua dunia. La pili lilikuwa kubwa zaidi, lakini halikuwa na jina la kuvutia.

Miezi miwili baadaye, tarehe 26 Aprili, kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kikalipuka. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini karatasi hizo ni muhimu. Kinu N cha Hanford, ambacho kama kile cha Chernobyl kilitumia grafiti, kilizimwa Januari 1987 na hakikurudi kutengeneza plutoni tena.

"Green Run" ni nini?

Ndilo jambo la kwanza. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1949, Hanford iliachia mionzi hewani kwa makusudi. Haikuwa ajali.

Ili kuelewa, lazima ujue kazi ya kiwanda. Urani ikitoka kwenye kinu huwa imejaa vitu vyenye mionzi mikali, kikiwemo iodini-131. Iodini hii hupungua kwa nusu kila baada ya siku nane. Kwa hiyo ukiiacha urani ndani ya maji miezi mitatu hivi kabla ya kuiyeyusha kwa asidi, iodini karibu yote huwa imekwisha yenyewe. Urani isiyokaa vya kutosha waliiita "mbichi". Usiku ule walichukua metali hiyo ya urani iliyopoa siku 16 tu, wakaiyeyusha bila kutumia vichujio.

Sababu? Wasovieti walikuwa wamelipua bomu lao la kwanza Agosti 1949. Wanajeshi wa Marekani walitaka kujaribu vyombo vya kunusa viwanda vya plutoni kutoka mbali, wakaona ni vyema kutengeneza harufu nyumbani kwao kwanza. Hali ya hewa ikawageuka. Badala ya moshi kupanda na kutawanyika, ulitambaa juu ya miji na mashamba. Zilitoka yapata kyuri 8,000 za iodini-131 (kyuri ni kipimo cha wingi wa mionzi), ingawa makadirio yanatofautiana. Ajali ya kinu cha Three Mile Island mwaka 1979, iliyoitia Marekani nzima hofu, haikufikisha kyuri 30 za iodini hiyo.

Wakazi hawakuambiwa kabla wala baada. Hakuna aliyeonywa asimpe mtoto maziwa, na maziwa ndiyo njia yenyewe: iodini hutua kwenye majani, ng'ombe hula majani, mtoto hunywa maziwa, na tezi ndogo ya shingoni huidaka iodini kama sifongo.

Na lile jambo la pili?

Namba za kawaida. Green Run lilikuwa tukio moja. Mradi wa kukadiria dozi uliofanywa baadaye, kwa kutumia nyaraka zilezile, ulitoa matokeo yake mwaka 1994: kati ya 1944 na 1972 Hanford ilitoa hewani takriban kyuri 740,000 za iodini-131, na zaidi ya 500,000 kati ya hizo zilitoka mwaka 1945 pekee. Sababu ni ileile ya ubichi. Vita ilikuwa na haraka, metali haikuachwa ipoe, na vichujio madhubuti havikuwepo.

Yaani jaribio la siri ambalo kila mtu anataja halifiki hata asilimia 2 ya jumla. Madhara makubwa yalitokana na kazi ya kila siku, na yaliandikwa kwa mwandiko nadhifu kwenye majedwali ya kila mwezi. Ndiyo maana ninawashauri watu wasitafute "siri kubwa" tu. Omba majedwali.

Kwa nini mambo haya yalifichwa miaka 37?

Kulikuwa na siri mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Moja ilikuwa ya kweli. Mwenye hesabu kamili ya iodini anaweza kupiga hesabu ya plutoni iliyotengenezwa, na kutoka hapo akajua idadi ya mabomu. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 1946 iliziweka taarifa za namna hiyo sirini tangu zinapozaliwa. Hazihitaji muhuri wa mtu.

Siri ya pili ilikuwa ya aibu na hofu ya kushtakiwa, na ilijificha nyuma ya ile ya kwanza. Mwaka 1949 ungeweza kutetea siri ya plutoni. Lakini kufikia 1975, nani alikuwa adui asiyejua kwamba Hanford inatengeneza plutoni? Aliyebaki gizani ni mama aliyekuwa akikamua ng'ombe.

FOIA ilisainiwa mwaka 1966. Mbona watu hawakuitumia mapema?

Kwa sababu mwanzoni ilikuwa simba asiye na meno. Mfano mzuri unahusu nyuklia pia. Mwaka 1971 serikali ilipanga kulipua bomu chini ya ardhi katika kisiwa cha Amchitka, Alaska. Mbunge Patsy Mink wa Hawaii na wenzake 32 waliomba nyaraka za wataalamu wa serikali kuhusu athari kwa mazingira. Walinyimwa, wakaenda mahakamani, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ikasema: karatasi ikishapigwa muhuri wa siri, hakimu hana mamlaka ya kuchungulia kama muhuri huo ni halali.

Wabunge hawakukubali. Mwaka 1974, baada ya kashfa ya Watergate, waliirekebisha sheria, Rais Ford akaikataa kwa kura ya turufu, wakampiku. Tangu hapo hakimu anaweza kuifungua karatasi faraghani na kuamua mwenyewe. HEAL walikuja miaka kumi baadaye wakiwa na silaha ambayo Mink hakuwa nayo.

Ombi linaandikwaje ili lisitupwe?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria hii hailazimishi ofisi kujibu maswali. Inailazimisha kutoa karatasi. Ukiandika "Je, maji ya kisima chetu yana mionzi?" watakujibu kwa upole kwamba hilo si ombi la kumbukumbu, na wako sahihi. Andika: "Naomba matokeo yote ya vipimo vya maji ya ardhini katika eneo fulani, kuanzia Januari 1985 hadi Desemba 1995, pamoja na barua zilizoambatana nayo." Omba karatasi, usiombe jibu. Jibu utalitoa mwenyewe ukishasoma.

Pili, jifunze lugha ya ofisi. Ripoti ya mwaka 1950 kuhusu Green Run haina jina hilo kwenye kichwa chake. Inazungumzia tu kuyeyusha metali ya siku ishirini. Mtu aliyeomba "nyaraka za hatari kwa afya ya umma" asingeipata hata angeomba miaka mia. Karani hutafuta kwa maneno uliyompa. Kwa hiyo anza na nyaraka zilizokwisha tolewa, soma tanbihi, andika namba za ripoti zinazotajwa humo, kisha omba hizo kwa namba. Karatasi moja humtaja mwenzake, kama mashahidi wanavyotajana.

Tatu, taja tarehe. "Nyaraka zote tangu mwanzo" ni mwaliko wa kupigwa danadana.

Inachukua muda gani, na ni bei gani?

Kisheria siku 20 za kazi, na kumi zaidi wakitoa sababu. Kwa kweli, ombi lenye nyaraka za nyuklia linaweza kwenda miaka, kwa sababu kila ukurasa unapitiwa na mtu mwenye kibali cha siri. Mwombaji wa kawaida hupewa bure saa mbili za kutafuta na kurasa 100 za kwanza. Zaidi ya hapo omba usamehewe ada, ukieleza kwamba taarifa itaeleweshwa kwa umma na huna faida ya kibiashara. Andika pia kikomo: "msivuke kiasi hiki cha dola bila kuniuliza."

Nimeletewa kurasa zimepakwa wino mweusi. Nimeshindwa?

Bado. Pembeni ya kila doa jeusi lazima kuwe na namba ya msamaha wa kisheria, yaani sababu inayoiruhusu ofisi kuzuia taarifa, na misamaha iko tisa. Namba 1 ni siri za taifa. Namba 3 ni taarifa zinazofungwa na sheria nyingine, na kwa Hanford hiyo mara nyingi ni ile Sheria ya Nishati ya Atomiki. Hizo mbili ni ukuta mgumu.

Namba 5 ndiyo ya kushikilia. Inalinda mashauriano ya ndani ya ofisi: rasimu, ushauri wa wataalamu, mabishano kabla ya uamuzi. Ofisi huipenda mno. Lakini marekebisho ya mwaka 2016 yalisema kwamba kinga ya mashauriano haifai tena kwa karatasi iliyoandikwa zaidi ya miaka 25 kabla ya ombi lako. Ukiona namba 5 imebandikwa kwa kisingizio hicho kwenye barua ya 1968, kata rufaa siku hiyohiyo. Marekebisho hayo pia yaliwapa waombaji angalau siku 90 za kukata rufaa, na rufaa haina ada.

Rufaa ikigonga mwamba, kuna ofisi ya usuluhishi ndani ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na baada ya hapo kuna mahakama ya shirikisho. Huko, tangu kesi ya Vaughn ya mwaka 1973, serikali hudaiwa kuorodhesha kila ilichozuia na kwa nini.

Wanasema hawana kumbukumbu yoyote. Inawezekana?

Inawezekana, na inawezekana pia umegonga mlango usio wako. Hanford iliendeshwa na kampuni kwa niaba ya serikali: kwanza DuPont, kisha kuanzia 1946 General Electric, baadaye nyingine nyingi. Karatasi za kampuni si lazima ziwe karatasi za serikali, inategemea mkataba. Na wizara yenyewe imebadilika jina: Tume ya Nishati ya Atomiki hadi 1975, kisha wakala wa muda, kisha Wizara ya Nishati tangu 1977. Za zamani sana zimehamia hifadhi ya taifa.

Mlango wa pembeni ni jimbo. Wapiga kura wa Washington walipitisha sheria yao ya nyaraka mwaka 1972, na ofisi za jimbo hutakiwa kukujibu kwa namna fulani ndani ya siku tano za kazi. Tangu mkataba wa usafishaji wa Mei 1989, uliowaunganisha Wizara ya Nishati, wakala wa mazingira wa shirikisho na idara ya mazingira ya jimbo, nakala za barua nyingi zimelala pande zote tatu. Alichokunyima mmoja huenda mwenzake anacho mezani.

Hivi mahakama imewahi kumpa mwananchi wa kawaida ushindi mkubwa?

Ndiyo, mwaka 2011, na tena katika jimbo hilohilo. Mkazi mmoja wa pwani ya Puget Sound aliomba ramani za jeshi la majini zinazoonyesha mlipuko ungefika wapi kama ghala la silaha la Indian Island lingeshika moto. Jeshi lilimnyima kwa kutumia msamaha namba 2, ambao maandishi yake yanahusu kanuni za ndani za wafanyakazi. Hebu fikiria: ramani ya mlipuko imekuwa suala la utumishi! Mahakama ya Juu, kwa kura nane dhidi ya moja, ikasema maneno ya sheria yasomwe yalivyo. Serikali bado ina njia nyingine za kuzuia karatasi za namna hiyo, lakini ile moja imezibwa.

Nyaraka zilithibitisha kwamba watu waliugua kwa sababu ya Hanford?

Zilithibitisha kwamba mionzi ilitoka, lini, na kwa kiasi gani. Kuunganisha hilo na ugonjwa wa mtu mmoja ni kazi nyingine, na hapa sitaki kumdanganya mtu.

Utafiti mkubwa wa tezi ya thairoidi ulipima watu 3,440 waliozaliwa karibu na Hanford kati ya 1940 na 1946. Ripoti yake ya mwisho, ya mwaka 2002, haikuona kwamba waliokadiriwa dozi kubwa waliugua zaidi ya wenye dozi ndogo. Rasimu ya 1999 ilikuwa imelitangaza hilo kwa uhakika uliopita kiasi, na Chuo cha Taifa cha Sayansi kikaikosoa kwa hilo. Waathirika waliona wamezikwa mara ya pili. Shida yenyewe ni kwamba dozi za utotoni zilikadiriwa kutokana na kumbukumbu za akina mama wazee kuhusu maziwa ya miaka ya 1940.

Mahakamani, kesi za maelfu ya watu zilianza baada ya nyaraka kutoka. Mwaka 2005 baraza la wazee wa mahakama lilisikiliza za mfano sita, na wawili wenye saratani ya thairoidi wakapewa fidia iliyozidi dola 500,000 kwa pamoja. Madai ya mwisho yalimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015, miaka 29 baada ya lile rundo. Muda wote huo mawakili wa kampuni walilipwa kwa fedha za umma, kwa kuwa mikataba ya zamani iliwakinga.

Taka zenyewe bado zipo?

Zipo. Matanki 177 ya chini ya ardhi, na ndani yake kulikadiriwa kuwa na lita zaidi ya milioni 200 za taka kali. Baadhi yamevuja, moja, T-106, lilipoteza lita zaidi ya 400,000 mwaka 1973. Kwa hiyo maombi ya nyaraka yanaendelea.

Mimi si Mmarekani. Naweza kuomba?

Unaweza. FOIA inasema "mtu yeyote", haisemi raia. Linganisha na sheria za kwetu: ya Tanzania ya mwaka 2016 inampa haki hiyo raia, na ofisi ina siku 30, ya Kenya ya mwaka huohuo nayo ni ya raia, kwa siku 21, na saa 48 kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi au mjukuu wa mchimbaji wa Likasi anaweza kuiuliza serikali ya Marekani kuhusu Shinkolobwe. Hata hivyo asianze na ombi la kisheria. Nyaraka za mradi wa Manhattan ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kundi la Kumbukumbu 77, na za Tume ya Nishati ya Atomiki ziko Kundi la 326. Nyingi zimekwisha funguliwa, na mhifadhi atakujibu kwa barua pepe ya kawaida. Andika kwa Kiingereza, kwa ufupi: orodha za shehena za mawe ya urani kutoka Katanga, 1940 hadi 1946, na barua zozote kuhusu afya ya wachimbaji. Taja namba ya kundi, na uulize ni masanduku gani bado yamefungwa. FOIA itumie kwa hayo masanduku.